AKIDI YA VIUMBE WASIOONEKANA
Somo kwa ndugu wapya na kwa wachunguzi wa dini



Somo letu la mwezi huu limetokana na maswali yaliyotoka Msata, katika Mkoa wa Pwani. Msata ni njia panda: barabara itokayo Chalinze kwenda Segera na mikoa ya kaskazini hukutana hapo na barabara iendayo Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Mahali pa namna hiyo habari hufika pamoja na abiria, na swali la mtu mmoja huwa swali la wengi.

Mchunguzi mmoja wa dini amesikia kwamba wataalamu huchukua bakteria, yaani vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakavitilia jeni ya mnyama wa baharini, hata vikawa vinang'aa rangi ya kijani pale vinapokuwa vingi. Anauliza: Je, habari hii ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, je, huko si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Kurani Tukufu imelitaja kuwa ni agizo la shetani? Naye ndugu mmoja mpya, ambaye katika kijiji chake hakuna Mwahmadiyya mwingine, ameongeza swali la tatu: Mambo ya maabara za Ulaya na Marekani yanamfaa nini mtu kama yeye, anayesali peke yake?

Tutayajibu maswali haya yote, Inshallah. Namba za aya zitakazotajwa ni zile ambazo Bismillahi imehesabiwa kuwa aya ya kwanza ya sura.

KWA NINI TUZUNGUMZE HABARI ZA VIJIDUDU?

Huenda msomaji akaona kwamba kiumbe mdogo namna hii hastahili kuzungumzwa katika gazeti la dini. Lakini Kurani Tukufu imekwisha kuondoa shaka hiyo. Katika Sura Al-Baqarah aya 27 tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano wa mbu na hata wa kilicho zaidi ya hapo. Wenye imani hujua kwamba ni haki itokayo kwa Mola wao. Na katika Sura Al-An'am aya 39 tunaambiwa kwamba wanyama watambaao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi tulivyo umma.

Wafasiri wa zamani waliutazama umma wa nyuki na wa chungu wakastaajabu. Leo hadubini imetuonyesha umma mwingine, ambao wazee wetu hawakuwa na njia ya kuuona. Tena Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), ametufundisha kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani, kwa sababu vyote viwili vimetoka kwa Mmoja. Basi mwenye kuichunguza kazi ya Mungu kwa unyofu asiogope kwamba uchunguzi wake utalivunja neno la Mungu. Mwahmadiyya mwenzetu, Profesa Abdus Salam, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alirudia mara nyingi kuwakumbusha Waislamu kwamba Kurani imejaa aya zinazowahimiza waamini kuyatafakari maumbile.

JINSI BAKTERIA WANAVYOJUA KWAMBA WAMETIMIA

Katika mikutano yetu tunalo neno akidi, yaani idadi ya watu wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uwe halali. Akidi isipotimia, maamuzi hayafanywi. Jambo la ajabu ni kwamba bakteria nao wana akidi.

Bakteria aitwaye Vibrio fischeri huishi baharini. Akiwa mmoja mmoja katika maji mengi, hatoi mwanga. Lakini yuko ngisi mdogo wa visiwa vya Hawaii ambaye tumboni mwake mna kifuko, na katika kifuko hicho bakteria hawa hulishwa na kuongezeka mpaka wakawa wengi sana. Hapo wote huwaka pamoja. Mwanga wao humsaidia ngisi usiku: adui aliye chini akitazama juu haoni kivuli, kwa kuwa nuru ya tumbo la ngisi hufanana na nuru ya mwezi na nyota itokayo juu. Kulipopambazuka ngisi huwatoa nje sehemu kubwa ya bakteria wake, na wale wachache waliobaki huongezeka tena hata ifikapo jioni.

Bakteria wasio na macho wala masikio wanajuaje kwamba wametimia? Mwaka 1970 wataalamu Nealson, Platt na Hastings walieleza kwamba bakteria hawa hutoa kitu ndani ya maji, na kitu hicho kikizidi ndipo huwaka. Mwaka 1981 kitu hicho kilitambuliwa: ni molekuli ndogo sana. Mwaka 1983 jeni zinazohusika zilichukuliwa na kutiwa katika bakteria wa namna nyingine, nao wakawaka. Na mwaka 1994 wataalamu waliuita utaratibu huo wote kwa jina ambalo sisi tunaweza kulitafsiri utambuzi wa akidi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kila bakteria, hata akiwa peke yake, hutengeneza molekuli hiyo kidogo kidogo, nayo hupenya ukuta wa mwili wake ikatoka nje. Katika bahari kuu molekuli huchukuliwa na maji na kupotea. Lakini bakteria wakisongamana mahali pamoja, molekuli hujaa na kurudi ndani ya miili yao. Huko ndani huikuta protini iitwayo LuxR. Sasa tufikirie jeni kuwa ni chumba, na mbele ya kila chumba uko mlango. Mlango huo katika elimu ya jeni huitwa promota. LuxR ni mfano wa bawabu asiyefungua mpaka apate ruhusa, na molekuli ndiyo ruhusa yake. Akiipata, husimama penye promota, mlango hufunguka, jeni zilizo ndani husomwa, na mwanga hutoka. Tena miongoni mwa jeni zinazofunguliwa imo ile inayotengeneza molekuli yenyewe. Kwa hiyo mwito huzidi kuwa mkubwa, na waliokuwa bado hawajawaka nao huwaka.

BAHARI ILIYOGEUKA KUWA NYEUPE

Jambo hili si la Hawaii tu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walisimulia tangu zamani kwamba katika usiku wa giza waliikuta bahari imegeuka nyeupe kama maziwa, pande zote, mpaka upeo wa macho. Wengi hawakuwasadiki. Tarehe 25 Januari 1995 meli ya biashara iitwayo Lima ilipita katika bahari ya namna hiyo mbali kidogo na pwani ya Somalia. Miaka 10 baadaye, mwaka 2005, wataalamu walizitafuta picha zilizopigwa na setilaiti katika usiku ule, wakaikuta nuru ile mahali palepale meli ilipoandika, imeenea juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 15,400. Tena iliendelea kuonekana kwa usiku tatu. Bakteria wanaodhaniwa kufanya kazi hiyo ni jamaa ya wale tuliowataja.

Wavuvi wa Bagamoyo na Saadani wasichanganye jambo hili na vimetameta wanavyoviona kasia linapopiga maji. Vile kwa kawaida hutokana na viumbe wengine wadogo ambao hung'aa wanapoguswa, kisha huzima. Nuru ya bakteria haingoji kuguswa, bali hungoja akidi.

JENI-SHAHIDI

Sasa tunafika kwenye habari aliyoisikia mchunguzi wetu. Naam, habari hiyo ni ya kweli, ila yafaa ielezwe sawasawa.

Yuko konyeza mmoja wa Bahari ya Pasifiki, mnyama laini aliye kama ute. Mwaka 1962 mtaalamu Mjapani, Osamu Shimomura, na wenzake walitoa habari za protini waliyoipata kwake, ambayo ikimulikwa kwa nuru ya buluu hung'aa kijani. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni ya protini hiyo ikitiwa katika bakteria au katika mnyoo mdogo, navyo hung'aa. Roger Tsien akazifanya rangi nyingine. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008.

Wataalamu waliona faida yake mara moja. Mtu hawezi kuona kwa macho yake kama mlango wa jeni fulani umefunguka au umefungwa. Lakini akiiweka jeni ya kung'aa nyuma ya mlango huo, basi mlango ukifunguka ataona rangi ya kijani. Jeni inayofanya kazi hiyo twaweza kuiita jeni-shahidi, maana kazi yake ni kushuhudia yale yanayotendeka ndani. Kwa hiyo wanamchukua bakteria wa kawaida wa maabara, ambaye hana jeni ya kutengeneza ile molekuli ya akidi. Wanamtilia LuxR aliye bawabu, promota iliyo mlango, na nyuma ya promota jeni-shahidi. Bakteria huyu hatoi mwito wowote, bali husikia tu. Akiwekwa karibu na bakteria wengine wanaoitana, hung'aa, na kwa kung'aa kwake mtaalamu hujua kwamba kuna wanaoitana.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Sura Ya Sin aya 66 inatuonya juu ya siku ambayo vinywa vitafungwa, na mikono itasema, na miguu itashuhudia yale waliyokuwa wakiyachuma watu. Wenye kudhihaki waliuliza tangu zamani: kiungo kisicho na ulimi kitasemaje? Leo mwanadamu dhaifu, aliyeazima jeni ya konyeza, ameweza kukifanya kiumbe kisicho na ulimi kushuhudia mambo ya ndani yake. Je, Yeye aliyemwumba konyeza na mkono na mguu atashindwa? Sisi hatusemi kwamba ushahidi wa Siku ya Mwisho utakuwa wa namna hii, kwani elimu ya jambo hilo iko kwa Mungu. Tunasema tu kwamba dhihaka yao haina msingi.

SHAHIDI NAYE HUCHUNGUZWA

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat aya 7, inatuamuru kwamba akitujia mtu mwovu na habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wataalamu wa kweli hufuata kanuni hiyo hata kwa jeni-shahidi.

Kwanza, wako mashahidi wanaosema kabla ya kuona. Promota nyingine huvuja: mlango haufungi barabara, na bakteria hung'aa ingawa hapana mwito. Kwa hiyo katika kila jaribio huwekwa bakteria wasiopewa molekuli kabisa, ili mvujo ujulikane na kutolewa katika hesabu.

Pili, wako mashahidi wanaowachanganya watu. Bakteria wa jamii mbalimbali wana molekuli zinazofanana, na bawabu mmoja aweza kudanganywa na mwito wa wengine. Hapo ndipo kazi ya kuitengeneza promota inapoingia. Mahali anaposimama LuxR juu ya DNA pana herufi 20 tu. Wataalamu hubadili herufi hizo, au zile zilizo karibu yake, moja baada ya moja, na kupima: mlango huu unavuja kidogo lakini nuru yake ni hafifu, ule una nuru kali lakini unavuja, huyu bawabu anaitika kwa molekuli chache, yule anataka nyingi. Ni kazi ya subira, na majaribio mengi hayafanikiwi.

Tatu, wako mashahidi wanaoendelea kusema baada ya jambo kwisha. Protini ya kijani ni ngumu na hukaa muda mrefu. Mlango ukisha kufungwa, nuru bado ipo. Ndiyo maana zimetengenezwa protini zinazovunjika upesi, ili ushahidi uwe wa sasa wala si wa jana. Tena protini hii haiwi tayari bila hewa ya oksijeni, kwa hiyo mahali pasipo na hewa, kama ndani ya utumbo, hushindwa kung'aa vizuri.

Nne, wingi si dalili ya ukweli peke yake. Chupa yenye bakteria wengi itang'aa kuliko yenye wachache, hata kama kila mmoja ana nuru ndogo. Basi nuru hugawanywa kwa idadi yao, ndipo hujulikana kila mmoja ana nuru kiasi gani. Ndugu zangu, hesabu hii yatufaa hata sisi. Jumuiya isijivunie idadi ya majina katika daftari. Na ijiulize kila jina lina nuru kiasi gani.

KIPINDUPINDU KATIKA PWANI YETU

Sasa tujibu swali la faida. Pwani yetu imeujua msiba wa kipindupindu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1869 na 1870 ugonjwa huo uliua maelfu ya watu Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876, akionyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara na za vyombo vya bahari. Katika zama zetu, mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania na kuwashika watu zaidi ya 20,000.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ni jamaa ya yule wa ngisi, naye pia ana akidi. Lakini desturi yake ni kinyume. Anapoingia tumboni wakiwa wachache, hujishikiza katika utumbo na kutoa sumu inayomkausha mtu maji. Wakisha kuwa wengi na akidi kutimia, huacha kutengeneza sumu, hubanduka na kutoka, waende kutafuta mwili mwingine. Kwa hiyo wataalamu walifikiri: je, ikiwa bakteria hawa watasikia mwito wa akidi mapema, wakadhani wamekwisha kuwa wengi?

Mwaka 2010 wataalamu wawili huko Marekani, Duan na March, walitoa habari za jaribio lao. Walimchukua bakteria asiyedhuru, aitwaye Nissle, ambaye asili yake alipatikana katika Vita Kuu ya Kwanza kutoka kwa askari aliyesalimika na ugonjwa wa kuhara uliowashika wenzake. Wakampa jeni ya kutengeneza molekuli ya akidi ya kipindupindu. Watoto wa panya waliotangulizwa kupewa bakteria huyo walipona kuliko wale wasiopewa. Mwaka 2018 wataalamu wengine walimtumia bakteria wa maziwa ya mgando: walimtengeneza aisikie molekuli ya kipindupindu ndani ya tumbo la panya na kuonyesha kwa badiliko la rangi kwamba adui yupo. Hawakutumia shahidi wa kijani, bali wa namna nyingine.

Tusizidishe mambo. Hayo yalifanywa katika panya. Hata sasa anayeugua kipindupindu Msata au Miono aokolewe kwa maji ya chumvichumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, na kwa kupelekwa hospitali bila kukawia. Na asiyeugua ajikinge kwa kuchemsha maji, kunawa mikono na kutumia choo. Hata hivyo utafiti huo unathibitisha fundisho la Mtume Mtukufu (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Neno hilo ndilo linalompa Mwislamu bidii ya kutafuta, maana hatafuti kitu kisichokuwapo.

MAJINI NA VIJIDUDU

Jambo moja latakiwa lisemwe wazi, kwa kuwa linagharimu maisha ya watu. Katika vijiji vyetu wako wanaoamini kwamba mtu akishikwa na kutapika na kuhara ghafula amepigwa na jini, naye hupelekwa kwa mganga apungwe, na saa zile ambazo angenyweshwa maji hupita bure.

Khalifa wa Nne wa Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad (r.h.), ameeleza kwamba neno jinni katika lugha ya Kiarabu asili yake ni kufichika, na kwamba laweza kutumiwa kwa viumbe waliofichika machoni, wakiwamo bakteria. Alikumbusha kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwakataza watu kujisafisha kwa mifupa na kinyesi kikavu baada ya haja, akisema kwamba hivyo ni chakula cha majini. Nani leo asiyejua kwamba katika mifupa na kinyesi ndimo vijidudu hula na kuzaana? Karne nyingi kabla ya hadubini, katika nchi isiyo na maabara, Mtume asiyesoma aliwakinga wafuasi wake na hatari wasiyoiona. Kama mgonjwa amepatwa na jini la namna hii, basi dawa yake si ngoma wala hirizi, bali ni maji safi, daktari na sala.

JE, HUKU NI KUBADILI UMBILE LA MWENYEZI MUNGU?

Swali hili ni zito, na anayeliuliza ana haki ya kujibiwa kwa uangalifu. Katika Sura An-Nisaa aya 120 shetani ametajwa akiapa kwamba atawapoteza watu, atawaamuru wakate masikio ya wanyama, na atawaamuru wabadili umbile la Mwenyezi Mungu. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad (r.h.), katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1998 juu ya ufunuo, akili, elimu na ukweli, ameihusisha aya hii na elimu ya kubadili jeni, na ametoa onyo. Kwa hiyo asiwepo Mwahmadiyya atakayesema kwamba jambo hili ni la kuchezea.

Lakini tuitazame aya yenyewe. Waarabu wa ujinga walipokata masikio ya ngamia hawakuwa wakimtibu. Walikuwa wakimweka wakfu kwa masanamu. Ubaya ulikuwa katika kukitoa kiumbe cha Mungu katika njia ya Mungu na kukifanya cha mwingine. Kama kila badiliko lingekuwa haramu, basi mkulima wa Kiwangwa anayebebesha mche wa embe angekuwa mwenye dhambi, na tohara nayo isingeamriwa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipowakuta watu wa Madina wakipandikiza mitende, aliwaambia mwishowe kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo yao ya dunia.

Kwa hiyo sisi tunaona kwamba mambo matatu yaulizwe kabla ya kuhukumu. Moja, nia: je, kazi hii inahudumia viumbe vya Mungu, kama kutafuta dawa ya kipindupindu, au inataka kumtawala mwanadamu na kumgeuza? Mbili, mizani: Sura Ar-Rahman aya 8 na 9 zinatufundisha kwamba Mungu ameweka mizani, nasi tusiipindukie. Bakteria aliyebadilishwa akifungiwa maabara ni jambo moja. Akiachiliwa katika Mto Wami pasipo kujulikana atakalofanya ni jambo jingine. Ndiyo maana nchi zimeweka sheria, na Tanzania nayo ina kanuni zake za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004. Tatu, unyenyekevu: mtaalamu hakuumba kitu. Jeni ya kung'aa aliikuta kwa konyeza, mlango aliukuta kwa bakteria, hata molekuli aliikuta baharini. Amezihamisha herufi tu katika kitabu asichokiandika yeye. Akilisahau hilo na kujiita muumba, hapo ndipo amelisikia agizo la shetani, hata kama jaribio lake ni dogo.

FUNDISHO KWA ALIYE PEKE YAKE

Sasa tunamgeukia ndugu yetu mpya. Watu wa pwani waliosoma fiqhi ya Imamu Shafi wanaijua hesabu ya watu 40 kwa sala ya Ijumaa, na ndugu huyu amesikia akiambiwa: wewe mmoja, dini yako ni ya nini?

Mtazame bakteria wa baharini. Yuko peke yake katika maji mengi, na kila molekuli anayoitoa huchukuliwa na mawimbi. Lakini haachi kuitoa. Kama kila mmoja angesema, nitaanza kuita akidi itakapotimia, basi akidi isingetimia milele, kwa kuwa akidi hujulikana kwa miito ya wale walioanza wakiwa wachache. Kadhalika salamu yako njema, uaminifu wako sokoni, gazeti hili unalomwazima jirani, sala yako ya usiku: kila kimoja ni kidogo, na waweza kudhani kimepotea. Hakikupotea. Siku watakapokuwapo wawili, kisha watano, mwito uliotangulia utakuwa umewaandalia njia.

Lakini mfano una mpaka wake, na hapa mwanadamu hutengana na kijidudu. Bakteria akiwa peke yake hawezi kuwaka. Amefungwa na maumbile yake. Mwanadamu amepewa zaidi. Katika Sura An-Nahl aya 121 Kurani Tukufu inamsifu Nabii Ibrahimu (a.s.) kwamba alikuwa umma, mtiifu kwa Mwenyezi Mungu, wala hakuwa katika washirikina. Mtu mmoja ameitwa umma! Baba yake alimpinga, watu wake walimtia motoni, naye hakungoja akidi ya mtu yeyote ili awake. Na tangu siku ile mpaka leo mataifa yanapata nuru kwa uzao wake na kwa dua yake.

Basi, ewe ndugu uliye peke yako, usiseme kwamba wewe ni mchache. Ita kama aitavyo yule kiumbe mdogo, pasipo kuchoka. Na uwake kama alivyowaka Ibrahimu, pasipo kungoja. Na pale Mungu atakapokuletea ndugu wa pili, simameni pamoja katika sala, maana sala ya jamaa inazidi sala ya pekee kwa daraja nyingi, na kamba ya Mwenyezi Mungu tumeamriwa kuishika sote pamoja.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atukinge na maradhi ya mwili na ya roho, na azijaze njia zetu nuru Yake. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bakteria wa baharini hujuaje kwamba akidi imetimia? Eleza kazi ya molekuli, ya bawabu na ya promota.
2. Jeni-shahidi ni nini, na kwa nini ushahidi wake huchunguzwa? Taja sababu tatu.
3. Akidi ya bakteria wa kipindupindu inatofautianaje na ya bakteria wa ngisi?
4. Neno jinni asili yake ni nini, na fundisho hili linamsaidiaje mtu mwenye mgonjwa nyumbani?
5. Ni mambo gani matatu ya kuuliza kabla ya kuhukumu kazi ya kubadili jeni?
6. Nabii Ibrahimu (a.s.) ameitwa umma. Wewe katika kijiji chako utafanya nini mwezi huu ili kulitekeleza fundisho hilo?